Kanda ya Sabuni

Maboksi yote yalikuwa mahali pake. Ndiyo maana hakuna aliyegundua wizi mapema.

Jumanne asubuhi, saa tatu kasoro, mkurugenzi wa kampuni ya kurekodi muziki alipanda ngazi hadi ghalani, akavuta boksi la kijivu kwenye rafu, akaona ni jepesi mno. Alilifungua. Tupu. Akavuta la pili. Tupu. Alipofika la kumi na mbili, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Inspekta alifika saa nne na nusu pamoja na koplo wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watu kunyamaza ili wamsikie. Aliandika kwa penseli, maana alipenda kujiachia nafasi ya kubadili mawazo.

Kofuli la mlango lilikuwa zima. Dirisha lilikuwa na nondo, na kwenye nondo buibui walikuwa wamejijengea bila kusumbuliwa na mtu. Nyuma ya mlango lilining'inia daftari kubwa la jalada gumu, limefungwa uzi pamoja na kalamu. Inspekta alilitupia jicho, akalipita.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu," alisema mkurugenzi. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na mitano hivi, amevaa suti ambayo viwiko vyake vilikuwa vimeanza kung'aa.

"Zilizoibwa ni kanda za nini?"

"Kanda mama, afande. Zile kubwa za kwanza kabisa, zilizorekodiwa hapa enzi za marehemu baba. Kinachosikika mitaani leo ni nakala ya nakala. Hizi zikipotea, sauti ya Bi Kengele imekwenda na haitarudi."

Koplo aliguna. Nani asiyemjua Bi Kengele? Wimbo wake mmoja wa zamani ulikuwa umefufuka ghafla. Vijana waliucheza kwenye simu zao asubuhi hadi jioni, ingawa nakala iliyoko mtandaoni ilitolewa kwenye kaseti iliyochakaa na ilikwaruza kama mtu anayetafuna mchanga. Kampuni inayosambaza muziki huko mtandaoni ilikuwa imeomba nakala safi kutoka kwenye kanda mama, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

"Mwizi ninamjua," mkurugenzi aliongeza. "Askari wa doria wameshamchukua. Ni Bi Kengele mwenyewe."

Inspekta aliinua penseli. "Ameiba sauti yake?"

"Alikuja hapa wiki iliyopita akafoka mbele ya watu. Alisema kama hatumlipi, ataichukua sauti yake aondoke nayo. Wafanyakazi wote wawili walisikia."

"Anadai nini?"

"Hana anachodai. Alilipwa siku ya kurekodi, mara moja, akatia sahihi. Wimbo ukisikilizwa mtandaoni, pesa inagawanywa mafungu mawili. Kuna fungu la mwenye rekodi, ndio sisi. Na kuna fungu la mtunzi."

"Mtunzi ni nani?"

"Baba yangu. Ndivyo ilivyosajiliwa."

Inspekta aliandika hilo, akapiga mstari mmoja chini yake. Kisha akayageukia maboksi.

Aliyapanga sakafuni moja baada ya jingine. Kumi na moja yalikuwa na jina la Bi Kengele. La kumi na mbili lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa zamani: *Tangazo la sabuni ya unga*.

"Hili lilikuwa wapi?"

"Rafu ya chini kabisa, kule mwisho. Atakuwa amekosea kwa haraka."

Inspekta alitembea kutoka rafu ya Bi Kengele hadi rafu ya mwisho. Hatua tisa. Ilibidi apige magoti na kusogeza maboksi matatu ili kufikia mahali palipotoka sabuni. Alisimama akajipangusa vumbi.

"Mtu hakosei kwa hatua tisa na kupiga magoti," alisema taratibu. "Na hizi je?"

Kwenye rafu ya Bi Kengele yalikuwa yamebaki maboksi mawili ya bluu. Aliyafungua. Kanda zilikuwemo.

"Kamwachia mbili," alinong'ona koplo. "Mwizi mwenye huruma!"

"Au hakuwa anamtafuta Bi Kengele." Inspekta aligeuza boksi la kijivu, kisha la pili, kisha lile la sabuni. Yote yalikuwa na nembo ya kiwanda kimoja. Yale ya bluu yalikuwa ya kiwanda kingine. "Na kwa nini aache maboksi? Kanda kumi na mbili bila maboksi ni mzigo wa kusumbua. Halafu ameyarudisha yote kwenye rafu, kila moja pake."

Walishuka studio. Mtambo wa kuchezea kanda ulikuwa umefunuliwa turubai lake. Pembeni palikuwa na kiwembe kipya, bado kimo ndani ya karatasi yake, na kipande cha utepe wa gundi wa kuungia kanda.

"Mtambo huu anauendesha nani?"

"Alikuwepo fundi, tukimwita Fundi Masikio. Nilimwachisha kazi miaka mitatu iliyopita. Watu waliacha kununua santuri, kaseti zikafa, mashine zikalala. Ningemlipa kwa kipi?"

"Mmeongea naye karibuni?"

"Sijasikia sauti yake miaka mitatu."

"Alirudisha ufunguo wa ghala?"

Mkurugenzi alijipapasa mifuko. "Ufunguo... Hilo, afande, hata sikumbuki."

*

Bi Kengele alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo, mkoba mapajani, mgongo wima kama mtu anayesubiri kuitwa jukwaani. Umri ulikuwa umempunguza mwili, lakini sauti haukuigusa. Alipoitikia salamu, askari watatu waligeuka.

"Mama," Inspekta alisema, "nina hadi kesho saa sita mchana. Nikufikishe mahakamani au nikuachie. Nisaidie nisikosee."

"Mwanangu, mimi sijawahi kulala rumande. Huko kanisani naongoza kwaya. Nikipelekwa kizimbani kwa wizi, nani atasimama nyuma yangu kuimba?"

"Ulisema utachukua sauti yako."

"Nilisema! Na ningesema nitaichukua na ngazi na mlango wake. Hasira haina kipimo. Lakini kwa magoti haya, ghala la juu vile? Ningefika juu kesho kutwa."

Koplo alikohoa kuficha kicheko.

"Nyimbo zile alitunga nani?"

"Wewe unafikiri nani?"

"Zimesajiliwa kwa jina la bosi mzee, baba wa mkurugenzi."

Bi Kengele aliangua kicheko, kikakatika ghafla. "Bosi mzee, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi hata kupiga mluzi. Mtu mwema, lakini sikio lake lilikuwa la kupambia kichwa. Amesajiliwa na nani?"

"Una ushahidi kwamba ni zako?"

"Ushahidi upi? Karatasi zilikuwa zao, kalamu yao. Mimi nilikuja na mdomo wangu tu." Alikunja uso, akawaza. "Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kila wimbo, kanda ikishaanza kuzunguka, anasoma majina yetu sote, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Tulikuwa tunachoka kusubiri! Mpiga tarumbeta alikuwa anaitika, 'Nipo, mwalimu.'"

Penseli ya Inspekta ilisimama.

"Majina hayo yanasikika kwenye nakala za siku hizi?"

"Wapi! Kwenye kaseti walianzia wimbo. Yako kwenye zile kubwa tu. Muulize Fundi Masikio. Alikuwa anazibeba zile kanda kama watoto wachanga."

*

Simu ya fundi ilikuwa imezimwa tangu juzi. Jumatano saa mbili asubuhi, Inspekta na koplo walibisha nyumbani kwake, nyumba ya mwisho kwenye mtaa wa mafundi seremala.

Mlango ulifunguliwa na mkewe, kifuani aproni, usoni hasira iliyokuwa imelazwa na kuamka. Nyuma yake, meza nzima ilikuwa imejaa ndizi na mananasi yaliyokatwa vipande, yakianza kubadilika rangi. Inzi walikuwa wameshapata habari.

"Polisi? Afadhali! Nani aliwaita? Mimi mwenyewe nilikuwa njiani."

"Umeibiwa nini, mama?"

"Kikaushio changu cha matunda! Na mwizi ninaye humu ndani, nimezaa naye. Siku mbili hizi amekikalia kama kuku wa mayai. Wateja wananipigia, matunda yanaoza, nikimwuliza ananiwekea kidole mdomoni, eti nisipige mlango, joto litatikisika. Joto linatikisika, afande? Umewahi kusikia?"

"Tuoneshe."

Kwenye chumba cha nyuma, mzee mwenye masikio makubwa kweli alikuwa ameketi kwenye kigoda, kipimajoto mkononi. Mbele yake kikaushio kilikuwa kikinguruma kwa upole. Trei zake zilikuwa zimekatwa katikati, na ndani, mahali pa mananasi, zililala kanda tatu kubwa. Nyingine tisa zilikuwa zimepangwa juu ya shuka safi kitandani.

Koplo alihesabu kwa kidole. "Kumi na mbili, afande."

Inspekta alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana. Zilikuwepo. Zilikuwa nzima.

"Dakika arobaini tu," fundi alisema bila kuinua macho. "Nikamateni baada ya dakika arobaini."

"Hujauliza tumefuata nini."

"Mmefuata hizi. Nilijua kuna mtu atakuja. Nilidhani Ijumaa."

"Kwa nini ulichukua kanda ya sabuni?"

Sasa fundi aliinua uso, na usoni palikuwa na furaha ya mtu aliyeulizwa swali zuri baada ya miaka mingi. "Umeliona hilo! Ni ya kiwanda kile kile, afande. Zote za kiwanda kile zina ugonjwa mmoja. Gundi inayoshika unga wa sauti inanyonya unyevu, inalainika. Ukiicheza hivyo, unga unabanduka na kubaki kwenye chuma cha mtambo. Utausikia wimbo mara moja, vibaya, halafu hutausikia tena maisha yako yote."

"Na dawa?"

"Joto dogo. Digrii hamsini na nne, kwa muda wa saa tisa nzima, bila kupanda wala kushuka. Halafu unaziacha zipoe zenyewe. Sasa ningeiponya ya Bi Kengele, ile ya sabuni niiache ife? Niliirekodi mimi."

"Mkurugenzi alijua kuhusu ugonjwa huu?"

"Nilimwambia. Alinipigia Jumapili kuniuliza jinsi ya kupitisha kanda kwenye mtambo. Nikamwambia usithubutu, nipe siku tatu nizipike. Akasema hana muda wa upishi, akakata."

Inspekta alirudisha nyuma kurasa za kijitabu chake, akasoma maneno aliyoandika jana: *Sijasikia sauti yake miaka mitatu.*

"Kwa hiyo Jumatatu ukaenda kuiba."

"Kuiba?" Fundi alisimama, kigoda kikaanguka. Mkewe alipiga kelele kutoka sebuleni, "Joto litatikisika!" Hakumsikia. "Mimi sijawahi kuiba hata msumari. Niliazima! Ufunguo wangu hawakuwahi kunidai. Kanda ikitoka ghalani inaandikwa, ndiyo sheria tangu enzi za bosi mzee. Nimeziandika zote, na sahihi nimeweka."

"Wapi?"

"Kwenye daftari. Nyuma ya mlango."

Koplo aliangalia viatu vyake kwa adabu.

"Nililiona," Inspekta alisema mwishowe. "Nililiona na sikulifungua." Akajiandikia hilo pia. "Fundi, Bi Kengele yuko kituoni tangu jana. Ameshukiwa kwa wizi huu."

Mzee wa watu alitafuta mahali pa kukaa, akasahau kwamba kigoda kimeanguka, koplo akamdaka.

"Nilizima simu ili mkurugenzi asinipigie akanizuia," alisema. "Kengele? Rumande? Kwa ajili yangu?"

"Ana hadi saa sita. Tuna muda. Maliza dakika zako arobaini."

*

Saa tano kasoro robo walikuwa wote studio: Inspekta, koplo, fundi na kanda zake ndani ya kikapu cha mkewe, mkurugenzi, na Bi Kengele aliyeletwa na gari la polisi na kukataa kushikwa mkono.

Koplo alishuka na daftari. Maandishi ya zamani yaliishia miaka mitatu nyuma. Kisha, kwa wino mpya, tarehe ya Jumatatu, namba kumi na mbili moja baada ya nyingine, na kwenye nafasi ya sababu: *Ugonjwa.* Kurudishwa: *Ijumaa asubuhi.* Sahihi.

"Miaka ishirini na mbili kazini," koplo alisema, "mwizi wa kwanza kumwona anatia sahihi."

"Hatuna mwizi wa kanda," Inspekta alisema. "Mama, uko huru. Nakuomba radhi kwa usiku wa jana."

Bi Kengele alifumba macho kidogo. Mkono ulioshika mkoba ulilegea. "Basi Jumapili nitaimba," alisema, hasa kwa nafsi yake.

"Vizuri," mkurugenzi alisema haraka. "Tumshukuru Mungu. Mimi nafuta malalamiko, kila mtu aende nyumbani. Nina kazi ya—"

"Bado. Hizi ni vielelezo, na wewe ndiye mlalamikaji. Lazima uthibitishe ni zako na ni nzima. Fundi, tucheze moja."

Fundi alipitisha kanda kwenye mtambo kwa vidole vilivyokumbuka kila kitu.

"Anzia kwenye wimbo," mkurugenzi alisema. "Huku mwanzoni hamna kitu."

"Umejuaje?" Inspekta aliuliza kwa upole. "Hujazicheza."

Magurudumu yalizunguka. Kwanza ukaja mvumo, safi, usio na mchanga. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamume, nzito, ya taratibu, ikajaza chumba:

"Kanda ya nne. Wimbo wa kwanza. Mtunzi na mwimbaji, Kengele. Gita la kwanza, Mrefu. Gita zito, Shemeji. Tarumbeta, Mcheshi."

"Nipo, mwalimu," ilijibu sauti nyingine kutoka miaka arobaini nyuma, na watu wakacheka mle ndani ya kanda.

Bi Kengele aliweka kiganja mdomoni. Mkurugenzi alikuwa ameshika kingo za meza. Hakuwa anamtazama mtu.

"Mara ya mwisho kuisikia sauti yake," alisema, "alikuwa hospitali. Alikuwa haongei hivyo."

Inspekta alimwashiria fundi asimamishe.

"Kiwembe kile kilikuwa cha nini?"

"Kukata mwanzo wa kanda." Maneno yalitoka bila kusukumwa. "Kabla sijaipeleka kwa wasambazaji. Nilikuwa nakumbuka anasoma majina. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nakaa pale, chini ya meza ile."

"Na usajili?"

"Mimi. Mwaka jana, wimbo ulipoanza kupanda. Nilijaza fomu, nikaandika jina la baba kama mtunzi, nikatia sahihi kama mrithi."

"Kwa nini?"

Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Zamani baba akiuza santuri moja, tulikula mchana. Sasa wimbo ukisikilizwa mara elfu, sipati hata nauli ya kwenda benki kuzitoa hizo pesa. Nimeachisha watu kazi. Nimeuza piano. Kodi ya jengo miezi mitano sijalipa. Fungu la rekodi halitoshi, nikasema nikiongeza na la mtunzi, labda kampuni ya baba haitafia mikononi mwangu." Alimgeukia Bi Kengele. "Nilijua ni zako, shangazi. Ulipokuja kufoka niliogopa. Kanda zilipopotea, nikaona bora uonekane mwizi kuliko nionekane mimi."

"Ulikuwa unalala chini ya meza ile," Bi Kengele alisema. "Nikimaliza kuimba, nakubeba kukupeleka kwa mama yako. Ulikuwa mzito!" Aliuweka mkoba mezani. "Ungekuja kuniambia, mtoto wewe. Ningekupa siku za kulipa. Lakini jina langu nisingekupa."

"Nitaandika leo kusahihisha. Mtunzi, na wapigaji wote."

"Utaandika," Inspekta alisema, "mbele ya koplo, baada ya kukuonya kwamba utakayosema yanaweza kutumika kama ushahidi. Nafungua jalada la kughushi, na la kumsingizia mtu. Mahakama itaangalia kwamba ulikiri mwenyewe, na kwamba umeanza kurekebisha. Zaidi ya hapo siahidi."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa. Alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyetua mzigo, hata kama ameutua mbele ya polisi.

Fundi alikuwa ameshachukua daftari. Kwenye nafasi ya kurudishwa aliandika tarehe, siku mbili kabla ya ahadi. Kwenye nafasi ya hali ya kanda akaandika: *Zimepona.*

"Imebaki moja sijaijaribu," alisema. "Ya sabuni."

"Acha hiyo!" Bi Kengele alisema.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza. "Nayo ni kielelezo."

Magurudumu yalizunguka. Bosi mzee akakohoa.

"Tangazo la sabuni ya unga. Mtunzi na mwimbaji, Kengele. Malipo, katoni mbili za sabuni."

Sauti ya msichana wa miaka ishirini na kitu ikapaa, angavu na yenye majivuno, ikisifu povu kana kwamba inasifu bwana harusi. Koplo alishindwa kujizuia. Fundi alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka. Hata mkurugenzi, karatasi ya maelezo mbele yake, alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Bi Kengele alisubiri hadi povu likaisha. Alinyanyuka, akajinyoosha gauni, akamgeukia Inspekta.

"Umesikia mwenyewe, mwanangu. Katoni mbili. Moja sijapewa mpaka leo."

Inspekta alichonga penseli.

"Koplo," alisema, "ongeza hilo kwenye jalada."